Boma Yangu, Ploti Yetu

Tuanze na sarufi. Neno boma liko kwenye ngeli ya LI-YA: boma langu, maboma yetu. Kila aliyefanya mtihani wa Kiswahili Kenya ashawahi kupoteza alama hapo. Lakini serikali ilipofungua tovuti ya nyumba za bei nafuu iliipa jina Boma Yangu, na hakuna aliyeshtuka, maana ndivyo tunavyoongea: gari yangu, shamba yangu, boma yangu. Mimi ngeli hainisumbui. Kinachonisumbua ni hilo yangu.

Boma halijawahi kuwa la mtu mmoja. Wajaluo huliita dala, na dala lina mpango wake: lango, nyumba ya mke wa kwanza ikitazama lango, simba za wavulana karibu na lango, na uwanja katikati ambapo kila anayeingia anaonekana. Nyumba moja pekee inaitwa ot. Mtu anaweza kuwa na ot tatu mjini na bado aulizwe dala lake ni wapi. Kwa hivyo ukichukua mita 20 za mraba kwenye ghorofa ya sita, ukatia mlango wa chuma na kufuli, umepata ot. Keja safi, pengine. Boma, bado.

Kwenye kurasa hizi huwa nahakiki vitabu. Leo nahakiki nyumba, kwa sababu Kisumu siku hizi kila mtu anaongea nyumba, na nikisikiliza vizuri nasikia ndoto mbili tu. Kuna ndoto ya mnara wa serikali, na kuna ndoto ya ploti ya hamsini kwa mia huko Riat ama Rabuor, na geti jeusi, na mbwa. Mimi napanga Nyalenda. Hakuna ndoto hata moja kati ya hizo inayonijua.

Tusome kwanza maandishi ya serikali. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, ile iliyotuletea makato ya asilimia 1.5 kwenye mshahara, na mwajiri kuongeza kiasi hicho hicho, imegawanya nyumba kwa mapato. Anayepata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi anapewa nafasi kwenye "nyumba za kijamii". Kati ya 20,000 na 149,000, nyumba za bei nafuu. Zaidi ya hapo, kuna daraja lingine. Soma tena hilo neno la kwanza. Kijamii. Kwa sheria, jamii ni watu wenye payslip ndogo. Hakuna mahali ambapo neno hilo linakuuliza utaishi na nani, mtoto wako atachezea wapi, nani atakuona ukianguka kwenye ngazi.

Nisiwe mnafiki lakini. Mei 2025 Rais alikabidhi nyumba 1,080 kule Mukuru, Nairobi, na chumba cha mita 20 za mraba kikawekwa kwenye malipo ya shilingi 3,900 kwa mwezi, mpaka iwe chako. Ukiongeza pesa ya maji na pesa ya choo cha kulipia, kuna vyumba vya mabati vinavyokaribia bei hiyo na havitawahi kuwa vyako. Na choo ndani ni choo ndani. Mtu ambaye hajawahi kutoka usiku na mvua, na tochi ya simu mdomoni, asijaribu kuniambia kwamba hilo ni jambo dogo.

Sasa tuje Nyalenda.

Reli ilifika hapa 1901, wakati Kisumu ikiitwa Port Florence, na mji ukapangwa kwa rangi. Wazungu walichukua mwinuko, ndio leo tunaita Milimani. Wahindi walipewa maduka. Mwafrika alikaa nje ya mstari. Mstari wenyewe bado uko, una lami, unaitwa Ring Road: upande mmoja miti na nyua pana, upande wa pili sisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mipaka ya manispaa ilisukumwa nje ikameza Nyalenda, Manyatta na vijiji vingine vya pembeni. Yaani mji ulitukuta hapa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya ardhi ya Nyalenda ni ya watu, ya familia, yenye hatimiliki, iliyorithiwa kutoka kwa babu. Haifanani na Kibera, ambako ardhi ni ya serikali, wala na mitaa ya zamani ya manispaa kama Kaloleni, Shauri Moyo na Ondiek. Kule sahihi moja ya ofisini inatosha kuleta tingatinga. Hapa unahitaji sahihi za maelfu, na nyingine ni za watu walioshazikwa.

Na wamezikwa papo hapo. Hili wasanifu wa majengo wanaokuja na vishikwambi vyao hawalioni haraka. Unaingia ploti, unaona milango ya mabati safu mbili, kamba za nguo, mfereji, na kando ya ukuta kuna kaburi la simiti lenye vigae, mtoto amekalia akifanya homework. Ploti ya Nyalenda ni dala lililojaza wapangaji. Mwenyewe alijenga nyumba yake, halafu vyumba vinne vya udongo, halafu sita vya mabati, halafu mwanawe akaongeza vingine viwili palipokuwa na ndizi. Hakuna aliyechora. Lakini ukiitazama kutoka juu, lango bado liko, uwanja bado uko katikati, na nyumba ya mwenye ploti bado inatazama lango. Mpango wa dala haujafutika, umebanwa tu.

Ploti ninayoishi ina milango kumi. Saa kumi na moja alfajiri kuna mtu anawasha jiko la maandazi karibu na lango, na kwa sababu yake lango haliibiwi taa. Saa nne wamama wawili wanachambua omena kwenye gunia, watoto wa milango mingine mitatu wako chini ya macho yao, hakuna aliyelipwa kuwalinda. Mchana fundi wa simu anatandaza meza yake kwenye kivuli. Jioni uwanja ni jikoni, ni saluni, ni bunge. Tokeni za stima zikiisha kwangu, naunganishwa na jirani mpaka kesho. Mita za mraba za chumba changu hazifiki 12, lakini ukiniuliza naishi mita ngapi, nitakujibu naishi ploti nzima.

Wataalamu wa mipango miji wana neno zuri la hii hali, msongamano, na huwa wanalisema wakikunja pua. Sioni shida kwenye idadi ya watu. Shida ya Nyalenda iko chini ya miguu. Udongo ni mweusi, wa pamba, unavimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Maji ya ardhini yako karibu. Choo cha shimo kinajaa haraka, na kisima kiko hatua chache kutoka hapo. Mto Auji ukikasirika unaingia ndani bila hodi. Mwaka 2020, ziwa lilipopanda kuliko lilivyowahi kupimwa, upande wa Dunga watu walihama na magodoro kichwani. Na kuna jambo ambalo sijui nicheke ama nilie: madimbwi ya kusafisha maji taka ya mji yako hapa hapa Nyalenda, na nyumba nyingi zinazoyazunguka bado zinategemea shimo. Uchafu wa wengine unafika kwetu kwa bomba, wetu unabaki palepale.

Hivyo basi, jibu la wengi wakishapata pesa ni kutoroka. Ukipata kazi nzuri, unanunua hamsini kwa mia. Nimeona vijana wenzangu wakipiga picha na beacon, kile kiguzo cha simiti cha mpaka, kama wanapiga na bibi harusi. Siwalaumu. Lakini tufanye hesabu. Futi hamsini kwa mia moja ni karibu thumni ya ekari, kama mita za mraba 465. Familia moja inakaa hapo. Ekari nzima inabeba familia nane, na hapo hujatoa barabara. Kupeleka bomba, nguzo za stima na lami mpaka kwa familia nane juu ya kilima si bei rahisi, na anayelipa ni mji wote, mimi pia, mlipa kodi wa sukari. Halafu asubuhi wote wanashuka kuja mjini kutafuta riziki, kwa matatu na boda, maana huko juu hakuna kitu. Njia ya Kibos, ya Kiboswa, ya Kisian, mashamba yanakatwakatwa vipande vya hamsini kwa mia mpaka mwisho wa macho. Mji unatambaa kama mbigili. Baada ya miaka kumi wenye mageti wanalia kwamba hakuna shule karibu.

Sasa chukua ploti hiyo hiyo ya mita 465 na uilete Nyalenda. (Za Nyalenda zimepinda, hazina kipimo kimoja, lakini tuhesabu hivyo ili twende pamoja.) Acha nusu yake ikiwa wazi: uwanja, mfereji, mti, kaburi na nafasi yake. Jenga nusu iliyobaki, ghorofa nne kwa jumla ukihesabu ya chini. Unapata kama mita 930 za sakafu. Toa robo ya ngazi, kuta na veranda. Zinabaki karibu 700. Kwa nyumba za mita 30, ambazo ni mara mbili na nusu ya chumba changu, unapata makazi 23. Ploti ya milango kumi imekuwa ya milango 23, kila mmoja na choo chake, na uwanja umekuwa mpana kuliko sasa. Hakuna mnara. Hakuna lifti ya kuharibika. Mama wa maandazi yuko palepale langoni.

Ghorofa nne nimezichagua makusudi. Ukiwa ya nne bado unaweza kumwita mtoto akasikia. Bado unajua ni nani amegonga lango. Nenda Pipeline kule Embakasi uone msongamano usio na uwanja: majumba ya ghorofa sita, saba, nane, yameshikana kiasi kwamba chini stima inawaka mchana, ukanda mrefu katikati na milango pande zote mbili kama godauni. Watu ni wengi kuliko Nyalenda mara kadhaa, na jirani humjui jina. Pale ploti imejengwa mpaka mpaka, kila futi ni kodi. Ukiniambia kujenga kwa kubanana ni Pipeline, nitakubali tukimbie wote Riat.

Lakini kuna mfano mwingine Nairobi hiyo hiyo, na nashangaa vile watu wa rika langu hawaujui. Huruma, kijiji cha Kambi Moto. Mwaka 2003 wanakijiji waliokuwa wakiweka akiba kidogo kidogo kupitia Muungano wa Wanavijiji, wakisaidiwa na Pamoja Trust, walikubaliana na baraza la jiji kwamba watajenga upya palepale walipo. Kabla ya kumwaga simiti walisimamisha nyumba ya vitambaa, ukubwa kamili, wakaingia ndani, wakageuka, wakasema hapa kitanda hakitoshi. Walimwelewa msanifu kwa sababu walikuwa wamesimama ndani ya mchoro. Nyumba za kwanza zilikuwa 34. Kila moja inakalia kama mita 20 tu za ardhi na inapanda juu, unaanza na chumba kimoja na unaongeza ukipata. Slabu zilifinyangwa na wenyeji wenyewe. Na kitu kikubwa kuliko hivyo vyote: mwenye vibanda na mpangaji, kila mmoja alipata nyumba moja. Aliyekuwa akikusanya kodi ya vyumba vingi alikubali kuwa jirani.

Kama nahakiki nyumba za Kenya za karne hii, Kambi Moto ndiyo kazi bora niliyoiona. Si nzuri kwa picha. Kuta zina simiti ghafi, vichochoro ni vyembamba, na mtu wa Instagram atapita bila kusimama. Lakini ni kazi ambayo wahusika wake waliiandika. Linganisha na Soweto Mashariki kule Kibera, nyumba 822 zilizokabidhiwa 2016 baada ya zaidi ya miaka kumi ya mipango, na wengine waliopewa wakapangisha wakarudi kwenye mabati, kwa sababu mabati yana biashara mlangoni na ghorofa ya nne haina. Ama Magomeni Kota, Dar es Salaam, ambako kaya 644 ziliondolewa kupisha ujenzi, zikasubiri miaka kama kumi, na Rais Samia akafungua majengo mapya Machi 2022. Walirudi, na hilo ni la kusifiwa, maana kwingi watu hawarudi kabisa. Lakini miaka kumi ni utoto mzima wa mtu. Mtoto aliyeondoka na chupa alirudi na ndevu.

Huwezi kuichukua Kambi Moto na kuibandika Nyalenda, na hapa ndipo wapenda jamii wengi, mimi pamoja nao, tunapenda kuruka aya. Kule ardhi ilikuwa ya baraza. Hapa ina mwenyewe, na mwenyewe anakaa mlango wa kwanza. Sisi wengi wetu ni wapangaji. Uwanja ninaousifu ni wake. Akiamka kesho na mkopo wa benki, anaweza kujenga ghorofa hizo nne kwa ustadi wote, uwanja, mti na kila kitu, halafu kodi ikapanda mara tatu na milango kumi yote ikahamia Nanga ama mbali zaidi. Mchoro utakuwa wa kijamii na jamii haitakuwemo. Nimeona ikianza: barabara za ndani ziliwekwa lami na taa za mlingoti zikasimama kupitia mradi wa serikali na Benki ya Dunia wa kuboresha mitaa, kitu kizuri, na kodi kando ya lami ikajua kwamba kuna lami.

Kwa hivyo swali la usanifu linaanzia kwenye karatasi ya makubaliano. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020 inaruhusu kila nyumba ndani ya jengo kuwa na hati yake. Chukua zile nyumba 23. Mwenye ploti apewe tano, hati zake, urithi wa wanawe bila kukata ardhi vipande. Kumi ziende kwa wapangaji waliopo, kwa malipo ya mwezi yasiyozidi sana kodi ya leo, mpaka wazimiliki ama wakipenda wabaki wapangaji wenye mkataba. Nane zipangishwe kwa bei ya soko zilipe mkopo. Na mkopo wenyewe utoke kwenye hayo makato ya 1.5, kwa riba ndogo, kwa sharti moja lililoandikwa: hakuna mlango wa zamani unaoachwa nje. Mwenye ploti anapata zaidi ya anachopata leo. Mfuko unapata nyumba bila kununua ardhi. Sijaona tangazo lolote kubwa barabarani linaloongea hivi, labda kwa sababu huwezi kukata utepe kwenye ploti 300 tofauti.

Mtanambia watu wa Nyalenda hawawezi kusimamia mambo kama hayo. Kwani maji tunasimamiaje? Tangu miaka ya 2000 kampuni ya maji ya mji, KIWASCO, inauza maji kwa jumla kwa vikundi na wafanyabiashara wa hapa hapa mtaani, nao wanatandika mabomba madogo mpaka ndani ya ploti, wanasoma mita, wanakimbizana na wadeni. Ina kasoro zake, bomba hupasuka, watu hugombana. Lakini ni mtambo wa mji unaoendeshwa na mtaa, na uko mbele ya macho ya kila mpangaji wa mipango anayepita na gari lake.

Ningekuwa na nafasi ya kukaa na wasanifu kabla hawajafungua kompyuta, ningewapa mtihani mmoja. Mpangaji wa mlango wa saba amefariki. Mwili uko mochari, utasafirishwa Alego ama Seme baada ya wiki mbili, na kila jioni kuna kikao cha mchango. Watu arobaini, hamsini. Viti vya plastiki, chai, daftari la mweka hazina, wimbo, na mjane aketi mahali ambapo kila mtu anaweza kumfikia. Nionyesheni kwenye mchoro wenu watu hawa wanakaa wapi. Kwenye ploti yetu wanakaa uwanjani, wanajaa mpaka barabarani, na mwenye ploti anatoa umeme wa spika. Kwenye majengo mengi ya kisasa watakaa kwenye maegesho, kama askari wa lango atakubali, ama watakodi ukumbi kwa pesa zile zile walizokuja kuchanga. Vienna, Karl-Marx-Hof, jengo la wafanyakazi lililofunguliwa 1930 likiwa na nyumba karibu 1,400, sehemu kubwa ya kiwanja iliachwa wazi kuwa nyua, na ndani wakaweka mahali pa kufulia, maktaba na kliniki. Walikuwa na maswali yao. Sisi tuna ya kwetu, na matanga ni moja.

Lingine ni kaburi. Nimeuliza wazee wawili wa hapa kama wangekubali ghorofa kusimama karibu na baba yao. Mmoja alikataa kabla sijamaliza. Wa pili alifikiri sana, akaniambia karibu sawa, juu hapana, na dirisha la choo lisitazame upande ule.